Baniani Aliyekuwa na Jembe: Historia ya Waoshwal wa Halar



Miongoni mwa methali ambazo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuziandika ubaoni, imo hii: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Huifafanua upesi, ya kuwa hata mtu tusiyempenda huwa na chake tunachokihitaji, kisha huendelea na methali nyingine. Ni mara chache husimama akauliza Baniani huyu ni nani, katoka wapi, na jina hilo lilimfikaje.

Leo naomba tusimame hapo. Nitalifuata neno hili hadi kwenye jamii moja tu kati ya nyingi zilizofunikwa nalo: Wajaini wajiitao Halari Visa Oshwal, ambao wamekaa Kenya kwa zaidi ya karne moja. Nimewateua hao kwa sababu historia yao inagongana na neno letu. Baniani, kwa asili ya neno, ni mfanyabiashara. Waoshwal wa Halar, walipokuwa wakifunga mizigo kuja kwetu, walikuwa wakulima.

Tuanze na neno lenyewe. Shina lake la mbali ni vanij la Kisanskriti, yaani mchuuzi. Katika Kigujarati likawa vaniyo, na kwa wingi vaniya. Waarabu wakalitamka banyan, Wareno nao wakalichukua, na pwani yetu ikalitia irabu ya mwisho kama ilivyo desturi yake. Huko lilikotoka, vaniya ni tabaka la wenye biashara, Wahindu kwa Wajaini. Huku kwetu maana ilitanuka hadi kumfunika karibu kila Mhindi asiye Mwislamu. Mzanzibari wa karne ya 19 aliposema Baniani, huenda alimkusudia mtu kama Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar zama za Seyyid Said. Huyo hakuwa Mjaini, wala Mwoshwal. Jina lilikwisha kukomaa vinywani mwetu kabla Waoshwal hawajaiona pwani hii. Walipofika, walilikuta bandarini likiwangoja.

Basi wao wenyewe walijiitaje? Jina lao ni kama boma la kale. Kila neno ndani yake ni chumba.

Oshwal ni mtu wa Osian. Osian ni mji mdogo ukingoni mwa jangwa la Thar, kiasi cha kilomita 65 kaskazini ya Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan. Zamani uliitwa Ukesha, na pia Upakesha; jina likasagika midomoni karne kwa karne hata likawa Osian, kama majina ya miji yetu yalivyosagika. Masimulizi ya jamii yanasema kwamba miaka 70 baada ya kufariki Mahavira, mwalimu wa 24 na wa mwisho katika mfuatano wa walimu wakuu wa Ujaini, mtawa aitwaye Ratnaprabhasuri alifika mjini hapo. Kijana wa nyumba ya mfalme alikuwa ameumwa na nyoka na watu wamekwisha kumlilia. Mtawa akamponya. Mfalme na raia zake, ambao walikuwa watu wa upanga, wakaiacha silaha na kuishika ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai. Hata mungu wa kike wa mji, aliyezoea sadaka za damu, inasemwa aliziacha akaridhika na vyakula visivyo na nyama. Hekalu lake, la Sachiya Mata, lingali juu ya kilima pale Osian, na Wahindu na Wajaini huliendea pamoja.

Ukihesabu kwa kalenda ya Wajaini wenyewe, tukio hilo linaangukia mwaka 457 kabla ya Kristo. Wanahistoria hawakubaliani na tarehe hiyo. Hekalu la Mahavira lililopo Osian ni la karne ya 8 baada ya Kristo, zama za mfalme Vatsaraja wa ukoo wa Pratihara, na maandishi ya mawe yanayoitaja jamii hii kwa jina ni ya baadaye zaidi. Lakini sisi tunaoishi na utenzi tunajua kwamba masimulizi ya asili yana kazi nyingine mbali na kutunza tarehe. Hueleza jamii inataka kujiona vipi. Mwoshwal husema: babu zangu walikuwa na upanga, wakauweka chini kwa hiari. Kila kabila lina hadithi ya ushujaa. La kwao ni shujaa aliyeacha kupigana.

Neno Visa nalo lisiwapoteze. Sikio la Mswahili likisikia visa hukumbuka mikasa. Huko ni hesabu, kutoka vis, ishirini. Jamii nyingi za vaniya ziligawanyika mafungu mawili, Visa wa ishirini na Dasa wa kumi, kana kwamba wa kwanza ni wazima na wa pili ni nusu. Mgawanyiko huo ulihusu hasa ndoa na heshima, yaani nani aoe kwa nani. Kwa hiyo jina hili lina kumbukumbu ya wema wa zamani pamoja na kumbukumbu ya ubaguzi wa zamani, na ni haki kuzitaja zote mbili.

Kimebaki chumba cha tatu, Halar. Kutoka Osian, Waoshwal walitawanyika muda wa karne nyingi. Wengine Marwar, wengine Gujarat, wengine Sindh, wengine Kutch. Kundi tunalolisimulia lilikuwa Kutch. Mwaka 1540 mtawala mmoja wa ukoo wa Jadeja, Jam Rawal, alivuka kutoka Kutch kuingia rasi ya Saurashtra, akajenga mji akauita Nawanagar, yaani Mji Mpya. Ndio Jamnagar ya leo. Nchi yote ya jirani ikaitwa Halar kwa jina la Jam Hala, mmoja wa mababa wa ukoo huo. Waoshwal wanasimulia kuwa walimfuata Jam Rawal, wakapewa ardhi, wakaenea katika vijiji ambavyo hadi leo wanavihesabu kuwa 52.

Hapo ndipo walipokuwa wakulima, na jambo hilo si dogo kwa Mjaini. Dini yao inafundisha kuwa udongo umejaa viumbe, na kila jembe linapozama ardhini huua. Ndiyo maana Wajaini wengi, kizazi baada ya kizazi, walikimbilia biashara, kazi ambayo mikono yake haimwagi damu. Waoshwal wa Halar hawakuwa na nafasi ya kuchagua sana. Walilima mtama, uwele na pamba, wakafuga ng'ombe, wakategemea mvua ambayo katika nchi ile ni mgeni asiyeaminika. Mfanyabiashara Mjaini wa mjini aliweza kumtazama Mwoshwal wa kijijini kama mshamba. Naomba msomaji aikumbuke picha hii: Mjaini mwenye tope miguuni, akiomba radhi kwa wadudu huku analima, kwa sababu watoto lazima wale.

Kisha ikaja njaa. Katika kalenda ya Samvat inayotumika Gujarat, mwaka ule ulikuwa 1956, nao ulianza mwishoni mwa 1899. Watu wa Gujarat wameuita Chhappaniyo, yaani "ule wa hamsini na sita", na kwao hakuna haja ya kuongeza neno. Mvua haikunyesha, mifugo ikafa kwa wingi mno, na watu wakafuata. Ni namba iliyogeuka jina la msiba. Wapwani tunaohesabu miaka kwa njaa na kwa vita tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Masimulizi ya jamii yanautaja mwaka huo wa 1899 kuwa ndio Waoshwal wa kwanza walipopanda jahazi kuja Afrika Mashariki. Kaskazi iliyowaleta ni ile ile iliyoleta Wahindi wengine kabla yao. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inajengwa tangu 1896, ikafika ziwani 1901. Vibarua wa reli, walio wengi kutoka Punjab, waliletwa kwa mkataba na serikali. Waoshwal walikuja kwa nauli zao, au kwa nauli ya kukopa, kijana mmoja akimfuata ndugu au mwanakijiji aliyemtangulia.

Sasa tunafika kwenye kiini. Mkulima aliyefukuzwa na ukame anapoiona nchi yenye mvua na udongo mwekundu, hutamani nini? Lakini nyanda za juu za Kenya zilikuwa zimefungwa. Serikali ya Uingereza, kwa msimamo wa Lord Elgin aliyekuwa waziri wa makoloni, uliothibitishwa mwaka 1908, iliamua kwamba ardhi ya nyanda hizo isigawiwe Wahindi. Na Waraka wa Devonshire wa 1923 ukaendelea kuzihifadhi kwa Wazungu. Wahindi wachache walipata mashamba mabondeni, kama Kibos karibu na Kisumu. Wengine mlango wao ulikuwa mmoja tu: duka.

Lazima niseme wazi, ili mizani isipinde, kwamba sheria hiyo hiyo iliwanyang'anya Wagikuyu, Wamaasai na wengine ardhi waliyokuwa nayo, ilhali Mhindi ilimnyima ardhi ambayo hakuwa nayo bado. Maumivu hayalingani. Lakini ilipomfungia mmoja shamba na kumfungulia duka, na mwingine ikampokonya shamba na kumfanya kibarua na mteja, iliwaweka watu wawili pande mbili za meza moja ya duka, kisha ikawaacha wachukiane. Mwenye njaa alimwona anayepima unga. Hakumwona aliyeandika sheria. Wako wenye maduka waliopunja mizani, na iko sababu ya neno "mbaya" katika methali yetu. Ila ubaya huo tumeuandika kana kwamba umo katika damu ya mtu, na kumbe sehemu kubwa yake ilipangwa ofisini.

Nilipokuwa nikifundisha kidato cha pili katika mji mmoja wa bara, mwanafunzi wa familia ya Kioshwal aliinua mkono siku ya methali hii. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, Baniani maana yake nini hasa?" Nikawaambia darasa maana ya shina, mchuuzi. Akafikiri, akasema, "Basi babu yangu alikuwa Baniani baada ya kufika Kenya tu. Kwao alikuwa na ng'ombe wawili na plau." Mwenziwe wa dawati, mtoto wa Kigikuyu, akajibu, "Na babu yangu alikuwa mkulima mpaka mlipofika." Darasa likacheka, nao wakacheka. Nikawapa kazi ya juma zima: kila mmoja amuulize mzee wa kwao alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuwa alivyo. Insha zile zilikuwa bora kuliko zote nilizosahihisha mwaka huo, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuta kwao jibu alilolitarajia.

Turudi kwenye majina. Waoshwal wengi nchini Kenya huandikwa Shah. Sisi washairi tunalijua neno shaha, cheo cha mkuu, na hasa mkuu katika fani yetu. Hilo lilitoka Uajemi, na maana yake ni mfalme. Ni rahisi kudhani hawa nao ni wafalme. Lakini maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Shah la Wajaini na wafanyabiashara wa Gujarat lina shina jingine: sadhu la Kisanskriti, mtu mwema, mwaminifu, ambalo katika lugha za baadaye lilipunguka likawa sahu, kisha sah. Maneno mawili yamekutana njiani yakavaa kanzu moja. Mmoja ni mfalme, mwingine ni mtu wa kuaminika, na watu wa duka walihitaji zaidi hili la pili. Wengine wamebaki na majina ya koo zao, kama Chandaria, Dodhia, Haria na Malde.

Miongoni mwao wametoka watu wanaojulikana na wote. Meghji Pethraj Shah, aliyezaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Dabasang huko Halar, alikuja Kenya akiwa kijana mdogo, akatajirika, kisha akaitumia mali yake kwa hisani. Jina lake liko kwenye hospitali jijini Nairobi na kwenye chuo cha utabibu Jamnagar. Manu Chandaria, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1929, anafahamika kwa viwanda na kwa ukarimu wake. Hata hivyo, historia ya jamii hii imo zaidi katika watu wasiotajwa: mvulana aliyelala juu ya magunia nyuma ya duka la mjomba, na mama aliyewafundisha watoto sala kwa sababu hapakuwa na mtawa.

Hili la watawa lastahili kuelezwa. Mtawa wa Kijaini, kwa desturi, hasafiri ila kwa miguu yake. Hapandi gari wala chombo, asije akadhuru viumbe. Kwa hiyo Waoshwal walipovuka bahari waliiacha nyuma nguzo ya dini yao. Dini ilishikwa na watu wa kawaida, katika madarasa ya watoto na katika mahekalu waliyojijengea. Hekalu lao la marumaru nyeupe Langoni, Mombasa, lilifunguliwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wa Kenya. Kila mwaka, mwisho wa siku za toba, Mjaini humwendea mwenziwe na kumwambia micchami dukkadam: maovu yote niliyotenda na yabatilike. Maneno hayo ni ya Kiprakriti, lugha ambayo hakuna mtoto anayeamka nayo nyumbani tena. Yamepita Osian, Kutch, Halar na Mombasa bila kutafsiriwa.

Na hapa pana jambo ambalo sisi wapenda lugha hatuna budi kulitafakari. Kiswahili kimepokea mengi kutoka Bara Hindi: gari, pesa, laki, bima, hundi, bangili, chapati, dobi. Yatazameni. Ni maneno ya njiani, ya sokoni, ya jikoni. Hakuna hata moja miongoni mwake lililotoka hekaluni. Tumekaa nao zaidi ya miaka mia moja, tukajifunza majina ya vitu walivyotuuzia, na tusijifunze jina la kitu walichokiamini. Ahimsa haikupata irabu wala ngeli kwetu. Wao nao walichukua yao: kisu, sufuria, fagio, na muhogo uliokuwa mogo. Kigujarati cha Afrika Mashariki kilifuata njia ile ile ya jikoni. Meza ya duka ilipitisha maneno pande zote mbili, ila yale mepesi tu.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowabana wafanyabiashara wasio raia. Wengi wenye pasi za Uingereza walianza kuondoka, na mwaka 1968 Uingereza nayo ikapunguza mlango kwa sheria yake. Waoshwal waliofika huko waliunda chama chao mwaka huo huo wa 1968, na mwaka 2005 wakafungua hekalu Potters Bar, kaskazini ya London. Wengine walichukua uraia, wakabaki Nairobi, Thika, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Ajabu ni kwamba waliokwenda London walipeleka mogo huko, na leo muhogo wa kukaanga unaliwa katika mikahawa ya Kihindi jijini humo kwa jina letu lililokatwa kichwa. Huko hawaitwi Baniani. Huitwa Wahindi wa Afrika Mashariki.

Sisemi methali ifutwe. Methali ni ushahidi, na ushahidi haufutwi. Husomwa pamoja na ushahidi mwingine. Nisemalo ni kuwa mwalimu anayeiandika ubaoni aongeze dakika tano, aeleze ya kwamba Baniani wa Halar alikuwa na jembe, kwamba njaa ya mwaka wa hamsini na sita ilimpokonya, na kwamba sheria ya wageni wengine ilihakikisha halishiki tena. Kiatu chake tulikwisha kukijua. Nyayo zake ndizo hatukuzifuata.

Nawaachia ubeti mmoja, malenga mniendelezee:

Walotoka na majembe, wakaitwa Baniani,
Hapakusalia ng'ombe, wakajitia chomboni,
Huku shamba wasiombe, sheria ikawahini,
Neno hili tulichimbe, kisa kimelala ndani.